Kila Mteja Akawa Tom

Ndugu wananchi wa Peckham, hapa London, natangaza kwa taadhima kwamba mimi, Shiku, ndiye Mhandisi Mkuu wa Mtandao wa Saluni ya Jedidah. Tangazo hili nalitoa nikiwa nimekaa sakafuni, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya aunti Jedidah, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama kama ufagio uliochoka.

Cheo nilikipata likizo ilipoanza. Aunti alichoka kupigiwa simu na wateja huku mikono yake yote imo kichwani mwa mtu, na mimi nilisoma kompyuta shule ya bweni. Nikamjengea tovuti ya kuweka nafasi. Sikuanza na ukurasa mtupu. Nilichukua kiunzi, yaani programu ambayo wengine wameshaiundia mifupa, nikaongeza nyama. Mteja anajaza jina na saa kwenye simu. Seva, ile kompyuta ya mbali inayotuhudumia sote, inapokea, kisha inaiuliza huduma ya kalenda, iliyo kwenye seva nyingine kabisa, kama kiti kiko wazi. Ikiambiwa ndiyo, mteja anatumiwa ujumbe.

Jana nikaongeza kitu kidogo kwa heshima ya binamu yangu Tom, ambaye hupita kila kioo akijisalimia. Seva iangalie kama mteja ni Tom. Akiwa ndiye, isihangaike na kalenda: impe saa nne leo, Jumamosi, na imtumie maneno niliyotunga mwenyewe. Afike, akute viti vyote vimejaa, asimame mlangoni na urembo wake.

Saa nne ilipofika, Tom hakuonekana. Kutoka nilipokaa niliona viatu tu. Viliingia vya mama mmoja Mghana, vikafuatwa na raba za Daksha wa duka la simu, kisha makubazi ya Nusra, dada wa Zanzibar anayeishi juu ya saluni. Na vingine, na vingine. Wote walikuwa na nafasi ya saa nne. Daksha alilalamika kwamba aliomba saa nane, akapewa saa nne, akabadilisha zamu kazini.

Hapo nikaelewa. Badala ya kuiuliza seva kama mteja ni Tom, niliiamuru kwamba mteja ni Tom. Seva haibishani. Ningeharibu simu yangu, ningeumia peke yangu, lakini seva ni moja na humjibu kila mtu. Nikajaribu kuinuka niifikie laptopu mezani. Magoti yakabana. Aunti aliniambia nitulie, la sivyo mstari utapinda.

Mwisho vikaingia viatu vyeupe. Vilikuwa vya Marie-Claire, mteja wa aunti, aliyekuwa anaolewa saa tisa, kanisani Tottenham. Nafasi yake ya saa nne aliiomba kwa mdomo, mwezi uliopita, kabla ya tovuti yangu tukufu.

Akajieleza kwa upole. Mama Mghana akamwambia kila mtu hapa ana haraka, aonyeshe ujumbe wake. Hakuwa nao. Na kanuni ya aunti, iliyobandikwa ukutani, ni kwamba mwenye ujumbe ndiye mwenye kiti. Viti ni viwili.

“Mama, nisamehe,” aunti alimwambia, sauti imeshuka. “Sijui nitawafukuza vipi hawa wote.”

Viatu vyeupe vikageuka kuelekea mlangoni. Nilisikia akivuta kamasi. Nikajaribu kugeuka. Shingo yangu haikuwa na pa kwenda.

“Hebu kwanza,” Nusra akasema. Wenzake hawakujua Kiswahili, walikuwa wameona saa tu. Yeye akasoma kwenye simu yake: “‘Mheshimiwa Tom, kichwa chako, kikubwa kama kilivyo, kimepokelewa kwa taadhima.’ Tom? Mie?”

Vidole vya aunti vikasimama katikati ya msuko.

“Shiku.”

“Aunti.”

“Kwa hii nyumba, ni nani huongea hivi?”

Nilifikiria kuisingizia kalenda. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa, baridi ya nje inanigonga magotini.

“Marie-Claire asiende,” nikasema. “Hizo nafasi zote nimezitoa mimi. Nilitaka kumchezea shere Tom, nikawafanya wote Tom. Mteja wa kweli wa saa nne ni yeye. Mimi niache hivi hivi nusu, aunti, umsuke yeye.”