Mstari Mmoja wa Bawabu

Mama Waya alikuwa amepanga Bawabu atoke Alhamisi. Jina hilo la Mama Waya alipewa na wauguzi, kwa sababu kila walipomwona alikuwa na waya begani kama mtu anayehama, na mwenyewe akalizoea hadi akawa analiitikia hata nyumbani. Alikuwa fundi wa mtandao wa hospitali. Bawabu alikuwa programu aliyoiandika kwa miaka minne katika chumba kidogo nyuma ya masijala, chumba chenye feni moja na seva mbili zinazonguruma mchana kutwa.

Kazi ya Bawabu ni rahisi kueleza. Mtu akitaka kuingia kwenye mtandao wa hospitali, awe amechomeka waya au ameshika waifai, Bawabu humsimamisha mlangoni: wewe nani, na neno lako la siri ni lipi? Kisha huiuliza mashine ya pili, ile ya majina, inayotunza orodha ya wafanyakazi, na jibu likirudi humpitisha mtu au humrudisha alikotoka. Hospitali nyingine tatu na chuo kimoja walikuwa wamemwona akifanya kazi, wakamtaka. Uongozi ukakubali kwa barua: atolewe kwa leseni huria, yeyote amchukue, amtumie na kumbadilisha apendavyo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Ukutani alikuwa amebandika karatasi ya mambo ya kumaliza. Majina ya kweli ya wafanyakazi yaondolewe kwenye faili za majaribio. Mwongozo uandikwe. Majaribio mia mbili na kumi yapite yote. Aliyakata moja moja kwa kalamu nyekundu, likabaki la mwisho: saini za wote walioandika. Walioandika walikuwa wawili, na wa pili alikuwa shemeji yake.

Huyu shemeji, mdogo wa mumewe, watu walimwita Kitasa tangu shule, maana hakuna mlango alioupita bila kurudi kuuhakikisha. Hakuwa mwajiriwa wa hospitali. Alikuja kusaidia kwa mapenzi yake tu, akaishia kuandika theluthi nzima ya Bawabu, ile sehemu inayopokea maswali na kuyapima majibu. Walikaa meza moja miaka miwili, wakitaniana kishemeji, mpaka siku mashine ya majina ilipoganda kwa dakika hamsini. Bawabu, kwa kukosa jibu, akakataa kila mtu. Wauguzi wakashindwa kufungua mafaili ya wagonjwa, na Muuguzi Mkuu akaja chumbani mwenyewe, glavu zikiwa bado mikononi. Kesho yake Mama Waya akaongeza mstari mmoja: orodha isipojibu, pitisha.

Kitasa alisema huo si mstari, ni tundu. Mama Waya akamwambia aende wodini akawaeleze wagonjwa habari za matundu. Neno likaleta neno. Kitasa akakusanya daftari zake, akaenda kufungua kibanda cha kutengeneza printa, na tangu hapo miaka miwili ilikuwa imepita wakisalimiana kwa kupitia watu.

"Nitaiandika upya sehemu yake," Mama Waya alimwambia mumewe Jumapili, wakiwa wanaanua nguo. "Nikijibana, wiki sita."

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikunja shuka, akalikunja tena. "Wiki sita za kuandika, ili ukwepe dakika kumi za kuongea na mdogo wangu," alisema. "Hesabu hiyo mimi siijui."

Jumatatu mchana Mama Waya akaenda. Kibanda kilikuwa kati ya duka la vioo na kinyozi, na Kitasa alikuwa ameinamia printa iliyofunuliwa tumbo, wino mweusi umempanda hadi viwiko.

"Shemeji," alisema bila kusimama. "Leo umepotea njia?"

"Njia naijua, shemeji. Miguu ndiyo ilikuwa mizito." Alivuta kigoda, akaketi, akatoa karatasi. "Bawabu anatoka Alhamisi, kwa watu wote. Naomba saini yako."

Kitasa alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaisoma karatasi yote, hata maandishi madogo ya chini. "Ule mstari upo?"

"Upo. Lakini asiyeutaka anaweza kuuzima kwenye mipangilio. Nimeeleza katika mwongozo."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Thelathini na moja."

Kitasa akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Shemeji, watu hawasomi hata karatasi inayokuja na dawa. Watamchukua alivyo, watamsimika alivyo, na mlango utabaki vile ulivyouacha wewe. Jina langu sitaliweka hapo." Alimrudishia karatasi. "Wewe hukuniamini kwa maneno. Nipe nusu saa na nakala ya majaribio, nikuonyeshe. Nikishindwa, nasaini na chai nachemsha mimi."

Mama Waya alitaka kuondoka. Alishika mkoba, akasimama, akafika hadi mlangoni. Ule ukurasa wa thelathini na moja ndio uliomrudisha. "Kesho saa tatu asubuhi," alisema.

Siku ya pili alisimika nakala ya Bawabu na nakala ya mashine ya majina pembeni, mbali na mtandao wa kweli, zikiwa na majina ya kubuni. Kitasa alikuja na kompyuta ndogo kuukuu ambayo kifuniko chake kilishikiliwa kwa utepe wa gundi. Hakugusa seva. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, akaanza kuirushia mashine ya majina maswali ya uongo, maelfu kwa maelfu. Mashine ikajitahidi, ikachoka, ikanyamaza. Kisha Kitasa akabisha kwa Bawabu kwa jina la uongo; Bawabu akaiuliza mashine, hakujibiwa. Basi akafanya alivyoagizwa.

Kwenye skrini ya Mama Waya ukatokea mstari wa kijani: mtumiaji sokwe, neno la siri ndizi, amepitishwa.

Zilikuwa zimepita dakika saba. Mama Waya aliutazama ule mstari. Hakuna sokwe kwenye orodha. Kisha akakumbuka kwamba Bawabu wa kweli, yule anayelinda mafaili ya wagonjwa upande wa pili wa ukuta, alikuwa na mstari uleule kwa miaka miwili.

Kwanza aliuzima ule mstari kwenye seva ya kweli. Kisha akafungua kumbukumbu za Bawabu, zinazoonyesha nani aliingia na lini, akaanza kuzipekua. Kitasa akavuta kiti kando yake bila kualikwa, wakapekua pamoja hadi saa nane. Mara tatu mashine ya majina ilikuwa imenyamaza, na mara hizo tatu Bawabu alipitisha watu arobaini na mmoja. Arobaini walikuwa wafanyakazi. Mmoja alikuwa kifaa kisichojulikana, kilichokaa ndani dakika kumi na mbili, kisha kikaondoka.

"Huenda ni simu ya mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa," Kitasa alisema.

"Huenda. Na huenda siyo." Mama Waya alichapisha ukurasa ule. "Sisubiri waniulize."

Alimpelekea mkurugenzi taarifa, maneno machache, bila kujitetea. Mkurugenzi akaagiza wataalamu wa nje waje kuchunguza dakika hizo kumi na mbili, na akasema Bawabu hatoki nje mpaka kwanza awe salama ndani. Kutoka hapo Mama Waya alikwenda kwa Muuguzi Mkuu, mwanamke mrefu aliyekuwa na tabia ya kusikiliza huku akihesabu kitu kingine, siku hiyo mabomba ya sindano.

"Sista, ule mlango nilioufungua kwa ajili yenu, nauziba."

Muuguzi Mkuu akaacha kuhesabu. "Mimi nilikuambia nataka kuingia. Sikukuambia uuache wazi."

"Nilisikia nilivyotaka."

"Basi safari hii nisikilize vizuri. Mashine zenu zikilala, muuguzi wangu apite, mgeni asipite. Namna ya kufanya hivyo ni kazi yenu nyinyi, mimi nina wodi."

Mama Waya aliandikia hospitali tatu na chuo kwamba Alhamisi haipo tena, na akaeleza sababu yote, ndizi na sokwe wakiwemo. Kisha akarudi kibandani. "Shemeji, nilikosea," alisema. "Na nilikukosea. Sasa nahitaji mikono yako, ukishainawa."

Kitasa aliendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazika. "Nafunga saa tisa," alisema. "Saa tisa na nusu nitakuwa pale."

Siku kumi na moja walifanya kazi kila alasiri. Wazo lilikuwa la Kitasa, namna ya kulitekeleza ikawa ya Mama Waya. Kila saa Bawabu angejiwekea nakala ya orodha, imefumbwa ili hata anayeiiba asiweze kusoma neno la siri la mtu. Mashine ya majina ikinyamaza, angeitazama nakala hiyo. Aliyemo apite, asiyekuwemo abaki nje. Na nakala ikizidi siku moja bila kufanywa upya, mlango unafungwa wote, isipokuwa kwa neno moja la dharura lililotiwa kwenye bahasha, ndani ya kabati la Muuguzi Mkuu, ambalo likitumiwa hata mara moja, kila mkubwa anapata ujumbe.

Walibishana sana. Walibishana juu ya saa moja au mbili, juu ya mahali pa kuweka nakala, hata juu ya nani kala biskuti ya mwisho. Lakini hayo yalikuwa mabishano ya watu wanaotazama upande mmoja.

Jaribio la mwisho lilifanywa na Muuguzi Mkuu mwenyewe. Aliingia chumbani, akauliza waya wa mashine ya majina ni upi, akaung'oa kwa mkono wake na kuuweka mfukoni. Wauguzi wakajaribu, wakapita. Kitasa akajaribu kwa jina la sokwe, akakataliwa. Mama Waya alikuwa ameanza kuvuta pumzi ndefu pale simu ilipolia kutoka maabara: fundi mmoja hawezi kuingia.

Jina la fundi huyo lilikuwa na ng'. Ile alama ndogo ya juu, iliyokaa vizuri kwenye orodha, ilikuwa imekatwa wakati wa kunakili. Wakatafuta: watu tisa katika hospitali nzima walikuwa na majina ya namna hiyo.

"Umbali wote huu, tunaangushwa na kidoti," Kitasa alisema.

"Si kidoti, ni nusu ya ukoo wa mtu," Mama Waya akamjibu, huku vidole vimeshafika kwenye kibodi. Walirekebisha siku hiyohiyo, wakaongeza jaribio lenye majina yote tisa yenye ng', na asubuhi iliyofuata Muuguzi Mkuu akaung'oa tena waya. Watu wote wakapita. Alirudisha waya mahali pake, akasema, "Haya," akaenda zake wodini.

Wachunguzi walileta jibu Jumatatu: kile kifaa kilikuwa kimetumia dakika zake kumi na mbili kutafuta tovuti za nje tu, hakikugusa faili hata moja. Mama Waya aliisoma taarifa mara mbili. Alishusha pumzi, lakini hakujisamehe haraka. Kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo, si wa thelathini na moja, aliandika kisa chote na kwa nini mlango wa Bawabu hukaa umefungwa mpaka mtu athibitishwe.

Jumanne saa nne asubuhi Kitasa alitia saini, akiwa ameinamia meza kama mtu anayeandikisha ndoa. "Bonyeza wewe, shemeji," alisema.

"Tubonyeze wote, utasema baadaye nilikupunja."

Kidole juu ya kidole, wakabonyeza. Bawabu, toleo la kwanza, akatoka.

Hakukuwa na kelele yoyote. Feni ilizunguka, seva zikanguruma, mtu akapita koridoni akisukuma kitanda. Waliketi wakitazama ukurasa wa mtandaoni alikowekwa Bawabu kama saa nzima, kisha ujumbe wa kwanza ukaingia, kutoka kwa mtu wasiyemjua, msimamizi wa mtandao wa shule fulani. Hakusifu wala hakushukuru. Alisema amefika hatua ya sita ya mwongozo na amekwama, kwa sababu hawakueleza faili ya mipangilio inakaa wapi.

Mama Waya akafungua hatua ya sita, akaisoma. Ni kweli, hawakueleza.

"Mwambie nusu saa," alisema, akavuta kibodi.