Kofia Isiyo na Nyuma

Nianze kwa kukiri, maana watu wa Bububu wakianza wao watatia chumvi. Ile kofia ya bwana harusi niliichora mimi, na niliiharibu mimi.

Sisi wanawake wa kofia tuna desturi yetu. Mchoraji hushika kalamu ya risasi akachora ua kwenye ukanda wa pembeni, kisha ua la pili, la tatu, mpaka azunguke arudi alipoanzia. Hapo ndipo pana kazi. Maua hayakubali kutosha sawasawa: ama hubaki pengo, ama ua la mwisho hubanwa. Mahali hapo ndipo panapokuwa nyuma ya kofia, pakakaa kisogoni, watu wasipaone. Pengo la shangazi yangu Bi Mize, aliyewafundisha wachoraji wote wa mtaa wetu, ni jembamba kama uzi. Langu lilikuwa linakula nusu ua. Wenzangu wakaliita kovu la Yusra, na wakinicheka usoni bila ya haya.

Siku ya harusi, bwana harusi mwenyewe, Hamid wa watu, kwa papara zake, akaivaa kofia nyuma mbele. Nusu ua likamkaa katikati ya kipaji cha uso, na hakuna aliyemwambia mpaka picha zote zikesha kupigwa. Zote! Mama yake aliziona akataka kuzimia.

Shangazi akaniita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kalamu weka chini, mwanangu. Mkono wako mzuri kwa sindano. Utashona michoro ya wenzio."

"Mpaka lini?"

"Sijasema mpaka lini."

Niliondoka pale roho inaniwaka. Kushona si aibu, nimeshona tangu nna miaka tisa. Lakini mie maua hunijia kichwani hata nikiwa nachambua mchele, na kuambiwa nisiyachore tena ilikuwa kama kuambiwa nisiseme. Na mnanijua, kunyamaza siwezi.

Nikiwa katika kununa huko, kaka yangu Nadir, mchoraji wa picha mwenye kiduka Shangani, akapata mwaliko. Wachoraji wa nchi mbalimbali walikuwa wanakwenda Sri Lanka, kwenye mji wa kale wa Anuradhapura, wakae wiki mbili wachore mahekalu ya Wabudha. Kila mtu na mwenziwe. Mke wa Nadir ndiyo kwanza kajifungua.

"Twende mimi na wewe," akaniambia, "ukapoze hasira. Hapa utamuuma mtu."

Basi nikaenda. Majengo ya kule ni makuba meupe makubwa kama vilima, mengine ya matofali mekundu yameota nyasi, na katikati yake mabwawa na kima wezi wasiojua adabu. Nadir alichora kama mtu aliyepandwa na shetani. Mimi siku tatu za mwanzo nilikaa kivulini nimefura, nakula maembe.

Siku ya nne tukafika kwenye gofu moja dogo lenye ngazi za mawe. Mlinzi akamzuia Nadir: vua viatu. Viatu si neno, hata msikitini tunavua. Akamwonyesha na kichwa: vua kofia.

"Kofia?" Nadir akaruka. "Nimeivaa kwa ajili ya heshima!"

"Hapa heshima ni kuivua," mlinzi akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza, kama chetu.

Wakatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja anataka kuonyesha adabu na kila mmoja anamwona mwenziwe hana. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mwisho Nadir akaivua, akanitupia, akapanda ngazi peku na kichwa wazi, kaona haya utadhani kavuliwa nguo.

Mie nikabaki chini na kofia mkononi, moja katika zangu, kovu lake lile lile. Na chini ya ngazi ile palikuwa na jiwe lililochongwa nusu duara. Katikati nusu ya ua la yungiyungi. Likafuata safu ya mabata, kisha safu ya majani, kisha tembo na farasi wanakimbizana, na hakuna hata kimoja kilichobanwa. Nikachuchumaa. Nikaitazama kofia kwa juu, nikalitazama jiwe, nikaitazama tena kofia.

Yarabi! Fundi yule hakuanzia pembeni. Alianzia katikati, kwenye ua, na kila safu ikapewa nafasi yake na ua lile. Sisi Bububu nzima tunachora ukanda kwanza, kisha kile kisahani cha juu tunakibandika mwisho kama kifuniko cha sufuria.

Nilipiga ukelele, mlinzi akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Tembo na farasi niliwaacha huko huko, kofia ni ya kuswalia, haitiwi sanamu. Nilichukua kipimo tu: kuanzia katikati kwenda nje.

Nyumbani nikafunga mlango. Nikakata kitambaa cha juu, nikakikunja mara nne, kikanipa mistari kumi na sita, na kila mstari nikaushusha mpaka ukandani. Mara ya kwanza nikasahau kuwa mshono wa kuunga ukanda nao unakula kitambaa, ukanilia petali moja. Nililia, nikatukana, nikaanza upya. Safari hii nikaupitisha mshono ndani ya mshipa wa jani, ukapotelea humo. Kuchora siku tatu, kushona miezi miwili na siku tisa.

Nadir alipofanya maonyesho ya picha zake Ngome Kongwe, nikaiweka kofia yangu katikati ya chumba, nimeifua, nimeitia wanga, nyeupe pe. Wanawake wa Bububu wote wakaja. Na shangazi akaja.

"Umechora," akasema.

"Nimechora, shangazi."

"Baada ya kukukataza."

"Naam."

Akanyoosha kidole. "N'taipitisha kidole. Nikiupata mwisho wa mchoro, usinitajie kalamu mpaka unazikwa. Umeridhika?"

Nikasema nimeridhika.

Akaanza. Ukucha wake ukapita ua kwa ua, kitundu cha sindano kwa kitundu, polepole. Akazunguka mara moja. Akavaa miwani, akazunguka mara ya pili. Nassra, aliyekuwa akinicheka kuliko wote, akasogea kuchungulia, shangazi akamsukuma kwa kiwiko. Akaigeuza ndani nje. Akamwita Nadir, akamvika, akaizungusha kichwani mwake kidogo kidogo kama anayefungua bomba, na kila upande ulikuwa mbele.

"Nyuma yake iko wapi?" akauliza, na sauti haikuwa ya ukali tena.

"Haina nyuma, shangazi."

Kisha akawageukia wanawake. "Haina nyuma!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mmesikia? Huyu mtoto wetu kachora kofia haina nyuma!"

Vigelegele vilivyopigwa pale! Watalii wakatoa simu wapige picha wasichokijua. Nassra alinikumbatia akanichafua bega kwa wanja wa machozi yake. Nilijiona mrefu kuliko mnara, na sitaki kusema uongo, nilifurahi zaidi kwa kuwa yeye ndiye aliyelia.

Walipotawanyika shangazi akanivuta pembeni, akakaa kwenye kiti, akajishika goti.

"Kesho asubuhi usitoke," akasema. "Nnakuja kwako."

"Kuna nini, shangazi? Nitakuja mimi, usijisumbue na goti hilo."

"Hapana. Mwanafunzi ndiye anayekwenda kwa mwalimu." Akanitazama. "Nimechora miaka arobaini na moja, Yusra. Nataka unionyeshe pa kuanzia."