Mume wa Malkia Haitwi Mfalme

Asubuhi ile ya mwisho wa Aprili, mwaka 2013, saluni ya Léocadie kule Hillbrow ilijaa kabla hata maji hayajachemka. Kesho yake ilikuwa Mei Mosi, na kila mwanamke alitaka kichwa cha sikukuu. Televisheni ilionyesha Uholanzi, malkia wao akitia sahihi kumwachia mwanawe ufalme.

"Kwani anaumwa?" aliuliza Léocadie huku akisuka.

"Haumwi kitu," alijibu Mwanaharusi, mteja wake wa miaka mingi, mzaliwa wa Tanga, aliyefuatilia wafalme wa Ulaya kama wengine wanavyofuatilia mpira. "Anang'atuka tu. Mama yake aling'atuka, na bibi yake vilevile. Na wewe je, bibiye, lini?"

Saluni nzima ikacheka, isipokuwa Joséline, binti wa Léocadie, aliyekuwa akiosha kichwa cha mteja pembeni. Huo ndio ulikuwa ugomvi wa nyumba yao. Léocadie, aliyeanza kwa kusuka watu kando ya barabara alipofika kutoka Bujumbura, alikuwa na magoti mabovu na alijua amechoka. Lakini Joséline alikuwa amechumbiwa na Ignace, Mkongo wa Likasi, mlinzi wa jengo lile lile. Mama mtu aliogopa jambo moja: akimpa binti saluni leo, kesho mume ndiye atakayekaa kwenye kiti cha bosi.

"Huyo malkia alipoolewa," aliuliza, "mumewe hakuutaka huo ufalme?"

"Hata angeutaka! Mume wa malkia haitwi mfalme. Anabaki mwanamfalme tu, na kwenye shughuli anatembea nyuma ya mkewe."

Vidole vya Léocadie vikasimama. "Nyuma?"

"Nyuma kabisa. Hata Uingereza ni hivyo hivyo."

"Eish." Léocadie akaweka kitana chini. "Joséline, mwite mchumba wako."

Ignace alipanda ngazi mbio, akidhani kuna mwizi. Alikuta wanawake waliosukwa nusu nusu wakimkodolea macho.

"Nikimpa Joséline saluni hii," Léocadie alimwuliza, "wewe utakuwa nani humu?"

Ignace akavua kofia ya kazi. Akamtazama Joséline. Joséline akatazama dari.

"Mlinzi, Maman?"

"Mwanamfalme," Mwanaharusi alimsahihisha. "Huna amri, huna funguo. Una heshima tu."

"Na mshahara?"

"Hakuna."

"Na chakula?"

"Kipo."

"Basi nakubali. Baba kule Likasi atafurahi. Katika ukoo wetu hatujawahi kupata mwanamfalme."

Wote walicheka, ila Léocadie. Alimkabidhi Ignace mfuko mkubwa wa nywele bandia, akaamuru Joséline atangulie na Ignace afuate nyuma, washuke hadi kwenye roboti, zile taa za kuongozea magari, kisha warudi. Yeye akatoka barazani kuangalia.

Ignace aliutwika mfuko kichwani, akatembea kwa madaha huku wauza nyanya wakipiga miluzi. Kwenye roboti Joséline alisimama ili mchumba wake amfikie. Ignace naye akasimama palepale, hatua chache nyuma.

"Tangulia, Majesté!"

Joséline alicheka mpaka akakaa juu ya kreti la mama mmoja muuza nyanya. Kule juu, Léocadie alishika chuma cha baraza. Tangu baba yake afariki, mtoto huyu hakuwahi kucheka hivyo, na leo anachekeshwa na mtu mwenye furushi la nywele kichwani.

Waliporudi alivua aproni yake, akamfunga Joséline kiunoni. Fundo lilimshinda, akalirudia.

"Funguo ziko mfukoni," alisema. "Nimeng'atuka."

"Mama, unalia?"

"Ni hiyo dawa ya nywele."

Wanawake wakapiga vigelegele, Ignace akakimbia kurudi getini kabla bosi wake hajapita. Halafu Léocadie akawa hajui asimame wapi. Alikwenda kwenye masinki, akarudi mlangoni, akaokota taulo ambalo halikuwa limeanguka.

"Mama, njoo ukae nikusuke," alisema Joséline.

"Kuna watu kwenye foleni."

"Nani mkubwa humu sasa?"

Léocadie akaketi. Joséline akamvua kitambaa, akaanza kumchana taratibu kuanzia kisogoni.

"Usivute sana hapo mbele," mama alisema.

Hakumaliza kulalamika. Usingizi ulimchukua akiwa amekaa wima, akaanza kukoroma, na Mwanaharusi akainuka kupunguza sauti ya televisheni.