Mwenye Vitabu Anaona Haya

...maana mtu akishafumba macho kwenye kiti cha kinyozi anakuwa si wa yeyote, si wa mkewe, si wa mama yake, si wa Bwana Gaudens wa ghala la katani aliyesema njoo leo kabla ya adhuhuri, na uwe umenyoa vizuri, Mwinshehe aliwaza, povu la sabuni likimkaukia taratibu shavuni, na Revelian kinyozi akinoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, shwa, shwa, hana haraka, huenda kwao Bukoba hakuna haraka, au ni yeye tu, huyu aliyefika Temeke na sanduku la bati na kioo kilichopasuka pembeni, akasimamisha kibanda cha makuti, akatundika kalenda yenye picha ya Malkia mpya, na sasa hakosi wateja, wala haoni vibaya kusimama njiani na kuwaita wapita njia, njoo hapa nikufanye bwana harusi, lakini ataona vibaya kwa nani, kwao ni mbali, mama yake hawezi kupita hapa akamkuta anaita watu... naam, hapo ndipo penyewe, aliye mbali na kwao anaweza kuuza chochote, na mie nimezaliwa hapa hapa, babu yangu kazikwa hapa hapa, kila anayepita ni mjomba au shangazi au amenibeba mgongoni. "Legeza shingo, bwana," Revelian alisema, na Mwinshehe akalegeza shingo, na wembe ukaanza kushuka karibu na sikio, wa baridi, mtamu, akatamani ushuke hivyo hivyo mpaka jioni, kwa sababu ukimaliza kushuka itabidi ainuke, avae koti jeupe ambalo mkewe Chausiku alilipiga pasi ya mkaa tangu alfajiri bila kusema neno, apande basi la mjini, aingie kwenye lile ghala linalowasha pua, amwambie Bwana Gaudens, ndiyo, nimerudi, ule upuuzi umekwisha. Mke akipiga kelele unajua pa kujibia, lakini yule kainamia pasi tu, akapuliza jivu, akakunja mkono wa koti, kisha akaliweka koti kitandani juu ya godoro, na chini ya godoro mna makasha ya chai, na ndani ya makasha vimo vitabu vyenyewe, hadithi aliyoitunga akaichapisha, vimelala vifudifudi, vinanuka mende badala ya ile harufu ya wino...

...ile harufu ya siku vilipofika. Mkokoteni ulisimama mlangoni, watoto wa mtaa wakauzunguka wakidhani ni chumvi, naye Mwinshehe akakata kamba, akatoa kimoja, akamwonyesha mkewe jina lake pale juu, akamwambia, Chausiku, kazi ya ghala nimeacha, sasa mie ni mwandishi na mfanyabiashara, tutafungua duka la vitabu hapa Temeke, kisha Kinondoni, kisha mpaka kule Ubungo ambako bado ni pori, maana watu watakuja, wewe ngoja tu, watakuja wengi, nao watataka kusoma wakipumzika, na juu ya kila mlango rangi ya kijani na jina letu, na wewe umekaa ndani kwenye kiti cha kuzunguka unapokea wateja... na Chausiku alicheka siku ile, akasema kiti cha kuzunguka mie kitanipa kizunguzungu. Halafu mama akaja. Bi Tunu hakuketi hata kwenye mkeka, alisimama uani akiwa kashika ushungi wake, akasema, "Mwanangu, kuandika umeandika, Mungu akuzidishie. Lakini usije ukanitembezea makaratasi mitaani kama mtu anayetembeza dagaa. Mtoto wa watu hufuatwa." Hufuatwa. Basi yeye akakubali kufuatwa. Akavipeleka vitabu mjini kwa Mhindi mmoja muungwana, vikawekwa kwenye kabati la kioo kati ya madaftari na chupa za wino, naye akarudi nyumbani akasubiri afuatwe, akaota sharubu akisubiri, sharubu nzuri, za mtu mwenye mali yake, na hakuna aliyemfuata mpaka yule Mhindi alipovirudisha vimefungwa kwa uzi, kwa adabu kabisa, akisema wateja wangu hawajui wewe, bwana. Hata hizo sharubu Bwana Gaudens ameziulizia, mzungu wa ghala hapendi karani mwenye sharubu... haya, tutazishusha nazo, nywele tu, hazina roho.

"...akajitwika sinia la maandazi, akatoka wakati jua halijachomoza," sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema nyuma ya ua wa makuti, uani kwa jirani, sauti ya mtu anayekanyaga polepole penye matope, akiruka neno na kulirudia, na Mwinshehe kwa usingizi wake wa kiti akawaza, maneno mazuri hayo, nani anasimulia, "akajiambia, mume amekwenda na gari moshi, lakini tumbo halikwenda naye," na hapo wanawake wakacheka, wengi, na vicheko vikaenda pamoja na mchakacho wa ukili wanaosuka, na yeye kiti kikamwondoka chini, kwa sababu sentensi hiyo ni yake, aliiandika ghalani nyuma ya marobota ya katani, akaifuta, akairudisha. Ni Mashavu. Ni Mashavu wake wa kitabuni, muuza maandazi aliyeachwa na mume aliyekwenda kujenga reli, akauza mpaka akanunua nyumba. Alikuwa hajapata kumsikia kwa mdomo wa mtu mwingine, na alimsikiliza kama mzazi anayempitia mwanawe nyumba ya watu na kumkuta anazungumza kwa adabu. "Usitabasamu, bwana, nitakukata," Revelian alisema. Hakutabasamu, mbona, au alitabasamu, hata hajui, kitabu kimefikaje pale, hajauza kitabu Temeke, hata kimoja... "Endelea, Mwamvita," ilisema sauti nyingine, nzito, sauti ya Bi Mwanakombo msuka mikeka anayejulikana mtaa mzima, "mume karudi, kabisha hodi, enhe," na yule msomaji Mwamvita akajibu, "Ndipo palipokatika, Bibi. Ukurasa wa mwisho haupo, watoto wameufungia karanga." Ukazuka mzozo. Mmoja akasema kamfungulia, mume ni mume. Mwingine akasema kamwagia maji ya moto, akachekwa. Bi Mwanakombo akangoja wamalize, akasema, "Mie naona kafungua. Akasimama pale pale kizingitini, akamwambia, karibu, mgeni."

Karibu, mgeni... Mwinshehe alilirudia moyoni, na moyo ukaruka, kwani yeye siye aliyeandika hivyo, yeye aliandika Mashavu akampokea mumewe wakaishi raha mustarehe, aliandika kwa haraka kama mtu anayefunga duka huku mvua inakuja, na siku zote alijua pale mwisho pana kitu kinalegalega, wala hakuona wivu, aliona furaha tupu, furaha ya kitoto, kwamba kuna watu wamekaa juani wanagombania mlango ambao yeye ndiye aliyeujenga, na kesho ataukongoa mwisho ule na kuuandika upya, kesho ipi, kesho yuko ghalani anahesabu katani... "Umekitoa wapi hicho kitabu?" Bi Mwanakombo aliuliza, na Mwamvita akashusha sauti, lakini makuti hayazuii sauti, "Kaniazima Chausiku, mke wa Mwinshehe. Kwa siri. Anaviazimisha kimoja kimoja, anasema mumewe anaona haya kuviuza." "Anaona haya?" Bi Mwanakombo alisema. "Kwani ameviiba?"

Wembe ukapita chini ya kidevu. Ameviiba... Chausiku na pasi yake, Chausiku anayepuliza jivu bila neno, ndiye aliyekuwa muuzaji wakati wote, bila sinia, bila duka, na koti lile amelinyoosha vizuri hivyo kwa sababu lilikuwa la kwenda kumzika mwandishi, na yeye Mwinshehe alimwandika mwanamke anayejitwika sinia na kutoka alfajiri, akamsifu kurasa nzima, kisha akakaa kitandani kungoja afuatwe, akaona uchungu na kucheka vikimjia pamoja, mama, nisamehe, na dagaa pia huliwa na watoto wa watu, na akajiona anatoka hapa kwa mguu, kapu begani, anapita mlango kwa mlango, Temeke yote, na mchanga una joto, na wajomba na mashangazi wanachungulia, na sauti inamtoka, lakini muuza vitabu huitaje, muuza samaki ana wito wake, muuza mkaa ana wake, wito wa vitabu haujawahi kusikika mitaa hii, itabidi autunge, uwe mrefu kidogo mwishoni, vitabuuu... hapana, mfupi... "Na sharubu, bwana," Revelian aliuliza, wembe umesimama hewani, "nazo nishushe?" Mwinshehe akafungua mdomo kumwambia ziache, na kilichotoka, na povu likiwa bado limejaa shavu la kushoto, kilikuwa wito ule wa vitabu, tena kwa sauti kubwa, "Vitabu!" Revelian akarudi nyuma hatua moja. Nyuma ya ua ukili ukatulia, kuku akalia, na Mwinshehe akasikia joto la aibu likimpanda mpaka masikioni, joto lile lile alilolikimbia siku zote, na kumbe ni joto tu. Ndipo sauti ya Bi Mwanakombo ikauliza kutoka upande wa pili, "Wewe muuzaji, una chenye ukurasa wa mwisho?"