Majivu kwenye Mikanda Myeusi

Swaumu alipoitwa mara ya pili bila kuitika, Zabibu alijua kuna kitu kimeharibika. Mkamwana wake huyo hakuwa na tabia ya kununa wala ya kujifanya kiziwi. Ukimwita tu, "Abee mama" yake inakufikia kabla hujafunga mdomo. Zabibu akaweka ungo wa mchele chini, akajishika magoti, akainuka kwa vituo kama afanyavyo siku hizi. Ilikuwa Alhamisi, amefunga, na jua la Mandewa, pale Singida, lilikuwa bado limekalia bati.

Alimkuta mbele ya nyumba, amesimama ubavuni mwa gari, dodoki mkononi, ndoo miguuni. Gari lilikuwa linameta kwa weupe. Lakini Swaumu hakuutazama weupe. Alikuwa amekodolea macho ile mikanda myeusi inayosimama katikati ya vioo vya milango, ile ambayo Rahimu, siku aliyolileta gari, alimwita mama yake ajitazame humo, na kweli Zabibu akajiona mpaka pindo la ushungi wake. Sasa mikanda ilikuwa imepauka. Ukisogea karibu unaona mikwaruzo mingi myembamba inazunguka na kuzunguka, kama utando wa buibui ulioangukia kwenye wino.

"Umeoshea nini?" Zabibu aliuliza.

"Majivu, mama."

"Majivu!"

"Kuku walilala juu yake. Mavi yamekauka kwenye vioo na kwenye hivi vyeusi, sabuni haiyatoi. Nikaona kinang'aa kama kioo, nikasema nikifanye kama chimni ya taa." Aliyoendelea kuyasema aliyasema kwa Kinyiramba cha kwao Iguguno, na Zabibu alishika maneno machache tu, ila hakuhitaji kuyashika yote.

Na ni nani aliyemfundisha majivu? Ni Zabibu mwenyewe. Katika nyumba ile chimni zilisuguliwa kwa majivu, sufuria zilisuguliwa kwa majivu ndani na nje, na mgeni akipita uani anaona vyombo kichanjani vinamwakia machoni. Swaumu alipoletwa kuolewa, jambo la kwanza alilofundishwa na mama mkwe wake lilikuwa hilo. Na vioo vya gari kweli vilikuwa vimetakata. Mikanda ndiyo haikuwa kioo. Ilikuwa plastiki iliyopakwa mng'ao, na majivu ya jiko la chini hayakosi chembe za mchanga.

"Anakuja leo," Swaumu alisema.

"Najua anakuja leo."

Rahimu alikuwa mnunuzi wa alizeti. Tangu biashara ziwe ruksa na mitumba ya magari ianze kumiminika bandarini, vijana wenzake wa mjini walikuwa wanakwenda Dar es Salaam na mafuta wanarudi na gari, naye hakutaka kuachwa nyuma. Alipolipata la kwake, mtaa mzima ulitoka kulitazama. Hakukaa nalo wiki, akapakia madumu kwenye lori la watu kwenda Arusha, gari akaliacha kwa mama yake. Asubuhi ile ya kuondoka alisimama mlangoni, begi begani, akasema maneno ambayo Zabibu hakuyapenda hata kidogo. Swaumu alikuwa ameshaacha redio nje ikanyeshewa mvua. Alikuwa ameshaazimisha baiskeli, ikarudi imepinda. "Mama, wewe ni shahidi," Rahimu alisema. "Kingine kikiharibika humu, huyu nampandisha gari la Iguguno akakae kwao."

Nayo hayakuwa maneno ya kutishia mtoto. Kabla ya Swaumu alikuwepo mke mwingine, Ziada, binti wa Manyoni, mpole, mwenye kicheko kizuri. Yeye aliunguza suruali ya suti kwa pasi ya mkaa. Rahimu alimpeleka stendi na sanduku lake siku hiyohiyo, na Zabibu alibaki uani anachambua mchele, hakusema neno. Baba yake Rahimu, marehemu Hussein, Mungu amrehemu, alikuwa hivyohivyo. Hasira yake ilikuwa ya kupitiwa kwa mbali, kama mbwa aliyelala. Zabibu aliishi na hasira ile miaka mingi akiizungukia, akaficha vikombe vilivyovunjika, akashona vilivyochanika kabla havijaonekana. Alipokaa eda alilia kwa haki, kwa sababu alimpenda. Lakini usiku wa kwanza baada ya matanga alilala usingizi mzito ambao hakuwahi kuulala tangu aolewe, akaamka akiona haya.

"Kaa hapa," alimwambia Swaumu. "Usiguse kitu."

Akavaa kandambili, akaenda kwa Bonifasi.

Bonifasi alikuwa fundi rangi mwenye banda kando ya barabara, mtu wa maneno mengi, mashati yake yote yana madoa ya rangi za magari ya watu. Alimwamkia Zabibu, akasikiliza, akacheka kabla habari haijafika mwisho, kisha akafunga banda aje aone mwenyewe. Alipofika akainama, akapitisha ukucha juu ya mkanda.

"Mama Rahimu, hili gari mmeliosha au mmelikwangua kama ukoko?"

"Bonifasi, sina nguvu ya utani leo."

"Mimi pia sina, ila imenitoka." Akaupiga mkanda kwa kidole. "Ile mikwaruzo mizito ukucha unanasa. Hiyo mpaka msasa wa maji, halafu polishi, na gari lilale kwangu. Hii myembamba dawa ya mswaki inaitoa. Kitambaa laini, maji kidogo, unazungusha polepole. Au kama mnataka la haraka, pakeni mafuta ya alizeti. Litang'aa hilo, hamtaamini."

"Halafu?"

"Halafu kesho vumbi linashika, mikwaruzo inarudi na ndevu."

Swaumu alikuwa ameshageuka kukimbilia jikoni. "Yapo mafuta, mama! Yapo kwenye dumu dogo!"

"Rudi," Zabibu alisema. "Tukipaka leo, kesho tutapaka tena? Na keshokutwa? Nani atakuwa anaamka kabla yake kila siku apake?" Alijua jibu. Angekuwa yeye. "Lete dawa ya mswaki. Na zile nepi za zamani zilizo kabatini, ndizo laini."

Wakaanza. Bonifasi aliwaonyesha mkanda wa kwanza, halafu hakuondoka. Alikaa juu ya tofali akisema kazi yake itamsubiri. Zabibu alisugua mlango wa mbele, Swaumu wa nyuma. Unaweka dawa kiasi cha punje ya mahindi, unalowesha nepi, unazungusha, unazungusha, unafuta, unatazama. Mwanzoni huoni kitu. Kisha utando unaanza kupungua, weusi unarudi taratibu, na humo ndani unaanza kuona uso wa mtu. Zabibu aliuona wa kwake na hakuufurahia. Midomo ilikuwa imekauka kwa saumu, na ile harufu ya mnanaa ilimpanda puani ikamtesa.

"Mama, pumzika, mimi nitamaliza," Swaumu alisema.

"Ukimaliza wewe utakandamiza. Una mkono wa kutwanga."

"Nitazungusha polepole."

"Zungusha huko ulipo."

Kisha Swaumu akauliza kwa sauti ya chini, "Akiona, niseme kuku wamekwaruza?"

"Kuku gani ana kucha za kuzunguka?" Bonifasi alidakia.

"Usiseme kitu," Zabibu alijibu. "Niachie mimi." Na aliposema niachie mimi alikumbuka amewahi kuyasema maneno hayo, kwa sauti ileile, kwa watoto wake wote, baba yao akiwa anafungua lango. Akaendelea kusugua. Bega lilikuwa linamuuma mpaka shingoni.

Mikanda ya upande wa barabara ilirudi kung'aa. Haikuwa kama mwanzo, ile mizito ilibaki, lakini mtu asiyejua angepita bila kuiona. Upande wa pili ulikuwa bado haujaguswa, na ndipo Bonifasi alipokohoa.

"Mwenye mali huyo."

Rahimu alikuwa ameshuka kwenye lori barabarani, mapema kuliko walivyomtazamia. Alikuja na begi lake, vumbi mpaka kwenye kope, uso wa mtu aliyelala ameketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na njia."

"Nishapoa. Boni, vipi, umehamia hapa?" Swaumu alimwambia pole na safari, akaitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa macho yalikuwa yameshalifikia gari. Akazunguka upande wa pili. Zabibu alisikia nyayo zikisimama.

"Hii ni nini?"

Swaumu alikuwa ameshika nepi kwa mikono miwili kifuani.

"Nauliza, hii ni nini?"

"Ni majivu ya jiko langu," Zabibu alisema.

Halikuwa neno la uongo. Jiko lilikuwa lake na majivu yalikuwa yake, na mtu aliyefunga anaweza kulisema bila kuharibu saumu. Lakini alijua vizuri mwanawe atalisikiaje, na alilipanga hivyo.

Rahimu alitokeza kichwa juu ya paa la gari, akamtazama mama yake, akatazama nepi, akatazama dawa ya mswaki. Kisha akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha utotoni, cha kujipiga mapaja.

"Mama! Majivu? Gari hili si sufuria, mama!"

"Na mimi nimewaambia," Bonifasi alisema. "Bado kukwangua ukoko tu."

"Bi mkubwa anataka kunipikia pilau humu ndani!" Rahimu alikuja akafuta machozi ya kucheka kwa mkono wa vumbi. "Basi mama, usijisumbue. Plastiki tu hiyo. Nikienda Dar natafuta nyingine. Umefunga wewe, na jua lote hili unasugua gari? Kaa, kaa chini." Akakimbilia uani mwenyewe, akaleta kigoda, akamkalisha mama yake kivulini kwa mikono miwili kama anayeweka yai.

Zabibu akakaa. Ulikuwa upole mtamu, na mzazi gani asiyeupenda. Lakini ndio uliomchosha kuliko kusugua. Mikwaruzo ilikuwa ileile, gari lilelile, na kwake ilikuwa pilau na kigoda. Kwa mwingine ilikuwa stendi. Akamtazama Swaumu, na Swaumu alikuwa anamtazama yeye kwa shukrani ya mtu aliyevutwa mkono kutoka mbele ya lori. Leo amepona. Kesho kitavunjika kikombe. Na Zabibu atakuwa katikati yao, anasogea huku, anasogea kule, mpaka siku watakapombeba kwenda makaburini, na siku hiyo huyu binti atabaki na nani?

"Rahimu."

"Naam, mama."

"Jiko ni langu, na kusafishia majivu nilimfundisha mimi. Ila mkono haukuwa wangu. Aliyesugua ni mkeo."

Kicheko kilimwisha usoni kidogokidogo, kama maji yanayozama mchangani. Swaumu akafumba macho.

"Sasa wewe umekwisha kucheka," Zabibu aliendelea, bila kupandisha sauti. "Umesema plastiki tu hiyo. Bonifasi amesikia."

"Mimi siku hizi sisikii vizuri, mama," Bonifasi alisema, anatazama tofali. "Hii mashine ya kupulizia rangi imeniharibu masikio."

"Umenitega, mama," Rahimu alisema.

"Nimekutega, ndiyo. Lakini nimechoka pia. Ziada alipoondoka nilikaa uani nikachambua mchele, na mpaka leo nikiushika ungo namkumbuka. Ukitaka kumpeleka huyu, mpeleke. Ila utapita hapa mbele yangu, na utaniambia kosa lake limezidi langu kwa kipi. Niambie, nakusikiliza."

Rahimu akalitazama gari, kama vile jibu lingekuwa limeandikwa mlangoni. Upepo wa Singida ukapita na vumbi lake, ukaliacha juu ya boneti iliyotoka kuoshwa, na hakuna aliyejali. Mwishowe akamgeukia mkewe. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu afike.

"Majivu uliyachekecha?"

"Sikuyachekecha."

"Ukasugua milango yote?"

"Yote. Na nyuma."

"Na nyuma!" Akajipangusa uso kwa viganja. Haikuwa sauti ya kicheko, wala haikuwa ile ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesafiri na lori kutoka Arusha. "Haya. Niwekee maji ya kuoga."

Swaumu aliondoka haraka, karibu ajikwae kwenye ndoo. Walisikia kata ikigonga pipa uani, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Bonifasi naye akainuka, akasema banda lake halijifungui lenyewe, akaaga, na alipofika barabarani walimsikia anacheka peke yake.

Rahimu alibaki amesimama. "Na upande huu?" aliuliza. "Mnamalizia?"

"Mimi nimemaliza," Zabibu alisema, akamnyooshea ile nepi.

Aliipokea kwa vidole viwili. "Nafanyaje?"

"Weka dawa kidogo. Lowesha. Zungusha polepole, usikandamize."

Akachuchumaa upande wa pili wa gari, asionekane, na baada ya muda ukaanza kusikika mkwaruzo mdogo wa kitambaa. Alikuwa anakandamiza. Zabibu alisikia wazi kwamba anakandamiza, na akamwacha. Aliegemeza kichwa ukutani akafumba macho. Magharibi ilikuwa bado mbali.