Siku Datsun Ilipogawanywa

Mume wangu Clifford alikuwa na akili timamu kwa kila kitu isipokuwa magari. Wenzake wakipata pesa walinunua ng'ombe au pikipiki ya kubebea abiria. Yeye alikwenda Lugari akanunua Datsun 240Z iliyowahi kukimbia Safari Rally, ikiwa imelala ghalani kwa mzee Kipruto chini ya magunia ya mahindi, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Ilivutwa na trekta hadi kwetu Shinyalu. Majirani walitoka kucheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote, kisha nikaingia ndani nikalia, maana shamba lilikuwa bado halijapata mbolea.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alipokuwa akisugua kutu nilimpa maji, halafu nikampa spana, halafu siku moja nikajikuta chini ya gari, grisi hadi kwenye nywele, nikimfokea kwamba nati ile haikazwi hivyo.

Kazi kubwa haikuwa kutu, ilikuwa karatasi. Gari lilikuwa limefutwa katika usajili tangu zamani, na mwenyewe wa kwanza alikufa ng'ambo. Leo polisi waje waone namba ya chesisi, kesho mkaguzi aone breki, halafu rudi tena na barua nyingine. Bila namba gari halina ruhusa ya kukanyaga barabara, na Clifford hakuwa mtu wa njia za panya. Basi tulikuwa tunakaa bandani, injini inanguruma, mimi nikimtajia njia ya Khayega kwa kichwa: kulia polepole, shuka, daraja, kushoto kali. Yeye anazungusha usukani, gari halisogei hata unyayo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Maombi ya usajili aliyaandika kwa jina langu. "Mimi ni dereva tu," aliniambia. "Mwenye gari ni wewe. Ukikasirika, unanishusha."

Gari lilipita ukaguzi. Tukawa tunangoja vibao vya namba tu. Clifford akaanguka sokoni Khayega akiwa anachagua viazi, na hakuinuka. Walisema ni presha.

Katika matanga yote nilishikilia jambo moja: namba zikitoka, nitaliendesha gari lile mwenyewe hadi Khayega. Alikuwa amenifundisha kuendesha kwa pickup ya rafiki yake, kwenye uwanja wa kanisa. Wengine walikuwa wanangoja ufufuo. Mimi nilikuwa nangoja namba.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi kuna siku ya kunyolewa. Wafiwa hunyolewa nywele, ukoo hukaa, na vitu vya marehemu hugawiwa. Si uchoyo. Kila aliyempenda huondoka na kitu kilichoguswa na mkono wake, shati, jembe, kofia, na anayekosa huona kama ameambiwa hakuwa mtu wake. Sasa Clifford alipendwa na watu wengi mno, na alikuwa na mashati mawili, moja tumemzika nalo.

Mimi nilikuwa ndani na akina mama, kichwa nimeinamisha, wembe unapita. Nikasikia vyuma vikigongana nyuma ya nyumba. Nikadhani wanabomoa hema.

Nilipotoka, Datsun ilikuwa imekalia mawe. Rimu zilikuwa mikononi mwa binamu zake. Winrose, dada yake, alikuwa amekumbatia taa mbili kifuani akilia. Injini ilikuwa juu ya mkokoteni, inakwenda Navakholo kwa mjomba mwenye kinu cha kusagia mahindi. Usukani alipewa mama yake, Awinja. Na mzee Shivachi, mkubwa wa ukoo, alisimama katikati ya ua kwa uso wa mtu aliyetenda haki.

"Hakuna mwenye amekosa, Selpher," aliniambia. "Hata sikujua kijana wetu ameacha vitu mingi hivi."

Nilimtukana. Mzee wa watu, mbele ya wakwe, nikamwambia amegawa mali ya mtu aliye hai, na mtu huyo ni mimi. Akashika kichwa. "Tungejuaje, mama? Kila mtu anasemanga gari ya Clifford." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo.

Wiki iliyofuata namba zikatoka. Nilikwenda mjini Kakamega nikapewa, na karani akanipongeza, akasema atafurahi kuliona gari lenyewe likipita. Nilirudi nazo kwenye kikapu hadi kwa Shivachi. Alizitazama sana. "Anza kwa Awinja," akasema. "Mama akitoa, wote watatoa. Hata injini nitaifuata mimi mwenyewe Navakholo."

Nilimkuta Awinja amekaa kitandani. Hakuniacha nimalize salamu.

"Najua kilichokuleta, mwanangu. Ni gari yako. Chukua."

Aliutoa usukani chini ya blanketi. Ngozi yake ilikuwa imechakaa mahali pawili, kushoto na kulia, na vidole vya Awinja vilikuwa vimekaa papo hapo.

"Alikuwa anashikanga hapa na hapa," akasema. "Usingizi ikinikataa, na mimi nashikanga hapo. Ni kama amenisalimia."

Akaninyooshea. Nilitaka kuupokea. Mungu ananiona, nilitaka gari lile kuliko nilivyotaka chakula. Nikaushika, nikavuta kidogo, naye akaachia mara moja. Lakini mikono yake ikabaki vilevile hewani, imezunguka kitu ambacho hakipo. Nikamwona Winrose na taa zake, nikawaona wale wote ambao ningepaswa kuwaendea mlango kwa mlango na kuwaacha hivyo.

Nikamrudishia.

"Kaa nao, mama. Nitatafuta usukani mwingine."

"Na gari itatembea?"

"Itatembea."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tuzike. "Basi ikipita hapa kwa barabara nitaisikia. Ile sauti yake siwezi kosea."

Sikwenda kwa mtu mwingine. Injini inasaga mahindi ya watu Navakholo, na nasikia inasaga vizuri. Awinja siku hizi anaweka kiti chake karibu na lango. Mimi ndiye ninayempelekea chai, na kila kitu chenye mlio mkubwa kikipita kuelekea Khayega, lori la miwa au pikipiki iliyotoboka eksozi, anainua kiganja ninyamaze.

"Ni yeye?" ananiuliza.

"Bado, mama," namwambia. "Bado."