Foleni ya Vichwa Vidogo

Jana nililala na hasira, na hasira ikaniotesha kwamba mimi na dada yangu Namsifu tumepanga foleni ya mashine ya MRI, nyuma ya nyuki.

Hasira yenyewe haikuwa ya ndoto. Dada huanguka. Anaweza kuwa anapeta mchele, mara ungo huku, yeye kule, na akizinduka anatuita kwa majina ya marehemu. Hospitali ilisema kichwa chake kipigwe picha na ile mashine ya sumaku, kisha ikasema asubiri. Kila tukirudi, tusubiri. Halafu jana redio ikatangaza kwamba huko kwa wenzetu wanapiga picha ubongo wa nyuki kwa mashine ya namna hiyohiyo. Niliizima redio kwa kofi.

Basi tupo kwenye korido ndefu inayonuka asali na dawa ya kuoshea sakafu. Mbele yetu nyuki, mbele yake panzi, mbele ya panzi mende wawili, mtu na mkewe. Wote wamevaa yale magauni ya hospitali yasiyofungika mgongoni, na kwa wenye mabawa naona yamewafaa.

Mezani kakaa vunjajungu, mikono kaikunja kifuani kama anayesali.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana alikuwa na uso wa mtu mzima.

"Marahaba. Mgonjwa nani?"

"Dada yangu huyu."

Akamtazama kwa utulivu. "Huyu mkubwa. Kichwa kikubwa hakichukui muda. Kazi iko kwa hivi vidogo. Kadiri kitu kinavyokuwa kidogo, ndivyo kinavyokaa zaidi."

"Hiyo naijua tangu utoto," nikasema. "Sikujua kama ni kanuni rasmi."

"Ndivyo sumaku ilivyo, baba. Siyo mimi."

"Sasa kama yeye mkubwa, si aingie?"

"Ataingia zamu yake ikifika. Ila kusubiri kunapunguza watu. Hebu mtazame."

Nikageuka. Dada alikuwa ananifikia kiunoni.

"Senkondo, mdogo wangu," akasema, "mbona umerefuka hivyo?"

"Sijarefuka, dada. Ni hawa."

Anayenifahamu anajua nilichofanya. Nilipanda juu ya benchi. Nilipofika juu, korido ilikuwa imeshakuwa ghala la mkonge, lile alilofanyia kazi baba, na foleni ilijipinda katikati ya marobota mpaka nje.

"Ndugu wadudu!" nikaanza. "Ndugu wagonjwa!"

Panzi akapiga makofi kwa miguu ya nyuma.

Kutoka ndani mashine inagonga: ngo, ngo, ngo. Kila ikigonga vunjajungu anaitikia, "Karibu," na hakuna anayeingia.

"Una chuma?" akaniuliza.

"Mkanda nimevua. Funguo nimeacha nyumbani."

"Naulizia ndani."

Nikafungua kinywa nimjibu, ukatoka mpini wa pampu. Ule mpini wa pampu ya kisima chetu, uliong'olewa na diwani wiki aliyoapishwa. Ukapaa juu ya vichwa vya mende, ukanasa kwenye mashine: kwaa! Likafuata kufuli la ghala la ushirika. Ikafuata kengele ya shule iliyouzwa chuma chakavu, ikilia njia nzima. Kisha mabati ya zahanati, yale yaliyoishia kuezeka banda la ng'ombe la mwenyekiti, moja baada ya jingine, yakinikwaruza koo. Nilikuwa nayo yote. Sijawahi kupoteza hata msumari. Na kila kimoja nilikitaja kwa mwaka wake na kwa jina la aliyekichukua, na wadudu wakasema aibu, aibu, nami nikazidi kutapika vyuma.

Mara kukawa kimya.

"Mashine imeziba," akasema vunjajungu. "Kwa vyuma vyako."

"Tungekuwa tumeshafika, mzee," akasema panzi. Miguu alikuwa ameishusha.

Nikamtafuta dada. Hayupo upande wa kulia. Hayupo nyuma.

"Niko huku chini," ikasema sauti. Alikuwa amesimama juu ya kamba ya kiatu changu, hapiti nyuki kwa kimo, na kanga yake ile ile, maua yake sasa kama vumbi.

Nikamwokota, nikamweka kiganjani.

"Umemaliza kuhutubia?" akauliza. "Maana mimi naisha."

Nikamgeukia vunjajungu. "Vyuma vinatokaje?"

"Nyamaza. Vimepanda kwa maneno, vitashuka kwa kimya. Vitawekwa pale mlangoni, utavichukua ukitoka. Hatuvitaki."

Nikanyamaza. Bati likaanguka. Kengele ikaanguka, safari hii bila mlio. Mende na mkewe wakavibeba mlangoni kwa adabu, kama wanaobeba vyombo vya msibani.

Nyuki akatugeukia. "Mama, tangulia wewe. Mimi nimeshapigwa picha mara nyingi. Wanataka kuona ninavyokumbuka njia ya mzingani."

"Wameiona?" dada akauliza.

"Wanaikaribia. Ni wapole, ila hawajui kuuliza." Kisha akaniambia mimi: "Sisi hutushikiza kwa nta tusitikisike. Nta imekwisha. Mshike mwenyewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka."

Natia mkono ndani ya mashine. Dada kalala kiganjani, dole gumba langu liko juu ya bega lake. Mashine inagonga. Mimi, ambaye sijawahi kusikiliza hotuba ya mtu mwingine mpaka mwisho, sitikisiki. Pua inawasha. Ghala linakuwa darasa, darasa linakuwa shamba la mahindi, shamba linakuwa korido. Sitikisiki.

Ndipo anaingia diwani. Amevaa suti, amenenepa.

"Aa, mzee Senkondo! Za siku nyingi?"

Anachungulia lile rundo la mlangoni, anauchomoa mpini wa pampu, anaupima uzito.

"Huu wangu," anasema, anautia begani.

Mwili wangu wote unataka kumrukia. Maneno yamenijaa mpaka kwenye meno. Chini ya dole gumba nasikia moyo wa dada ukienda mbio.

Sijibu. Diwani anangoja kidogo, kama aliyezoea kujibiwa, kisha anaondoka na mpini akipiga mluzi.

Mashine ikanyamaza. Picha zikatoka vipande vipande kama mkate uliokatwa, nyuki akavibeba kimoja kimoja mpaka mezani. Vunjajungu akainua kimoja dirishani.

"Hiki hapa kivimbe," akasema. "Kama punje ya ufuta. Kushoto, nyuma ya sikio."

"Kinatoka?" dada akauliza kiganjani.

Vunjajungu akaikunjua mikono kwa mara ya kwanza.

"Kinatoka."

Nikaamka. Jua limeshaingia dirishani na ngumi yangu imefumbwa mpaka vidole vimekufa ganzi.

Dada akatoka chumba cha pili, kanga kaifunga kifuani. "Senkondo, hebu niangalie hapa. Nimelala vibaya kwenye mkeka."

Kuanzia shingoni mpaka karibu na kiwiko alikuwa na mistari. Ilizunguka, mmoja ndani ya mwingine, na mmoja ulionyooka uliikata yote mshazari.

Nikafumbua ngumi. Kovu la zamani la msumeno linaikata mistari ya dole gumba langu mshazari.

"Ni mkeka, eti?" akauliza.

"Vaa, dada," nikamwambia. "Twende. Leo tunawaambia waanzie kushoto, nyuma ya sikio."